Usimwage Maji Bado

Haya niliyaona mchana. Naanza na hapo kwa sababu najua mtakavyosema: mama mtu mzima, usiku, taa hamna, risasi zinalia vilimani, lazima ataona vitu. Apana. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani, na mi nilikuwa nimekunywa chai yangu na andazi zima. Asiyeniamini amuulize Mwajuma, mke wa mdogo wangu. Yuko hai, anakaa Buyenzi, na hajawahi kunitetea kwa jambo la uongo. Hata la kweli hunitetea kwa shida.

Nimesoma mpaka darasa la tatu tu. Lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki tena. Wanawake wote niliowaosha tangu marehemu Bi Asha Kitwana aniachie kazi yake, naweza kuwataja mmoja mmoja, na mama zao, na walivyokufa. Ndiyo kazi yangu hiyo, kuosha maiti wa kike. Bi Asha alinifundisha mambo matatu. Mwili wa mtu usionekane. Ulichokiona kwenye mwili kisitoke chumbani. Na kaburi lisingoje. Niliyashika hayo matatu kama ninavyoshika swala, na siku ninayowaambia ndiyo yaliyonifanya nikosee.

Miaka ile ya vita, mtu akifa Bujumbura watu waliuliza swali moja tu: risasi au grenedi? Wakishajibiwa wanashika majembe. Hakuna aliyeuliza ni nani alipiga. Ungemuuliza nani? Vilima vilikuwa vinapiga mjini, mji unapiga vilimani, na kati yao tulikuwa sisi tunachemsha maji ya kuosha.

Asubuhi hiyo shoferi alikuja kunichukua na gari. Nikaambiwa ni Mutanga Nord, nyumba ya Yusufu, yule muuza vipuri. Aliyekufa ni mke wake, Hadija binti Selemani. Moyo uliniuma. Hadija alizaliwa Buyenzi mbele ya macho yangu, binti wa Selemani fundi redio. Harusi yake nilicheza mpaka kisigino kikavimba. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto mmoja wa kunyonya. Nikamchukua Mwajuma, nikachukua kafuri, pamba na majani ya mkunazi, tukaenda.

Pale getini watu walikuwa wengi. Yusufu alikuwa anasimulia, na kila aliyefika alisimuliwa upya. Alisema alfajiri risasi zililia karibu. Zamu wao, mlinzi wa usiku, mzee Bukuru, akawafungulia geti waasi wa vilimani. Hadija akatoka mbio kwenda kulifunga, wakampiga. Yeye Yusufu alipotoka alimkuta kifudifudi, pale pale, kwenye mchanga. Akaonyesha kwa kidole. Nilipapita mahali pale kama ambavyo na nyinyi mngepapita, nikishika khanga yangu nisiikanyage. Sikuangalia chini.

Bukuru alikuwa ameshachukuliwa na wanajeshi. Nje, kwenye ukuta, mke wake Yozefina alikuwa amekaa juu ya jiwe, koti la mume wake mapajani. Aliponiona alinishika pindo la khanga.

"Mama, ndagusavye, nakuomba. We unaingia ndani, watakusikiliza. Bukuru hakufungua geti. Miaka tisa analinda hapa, hajafungua mara hata moja bila ruhusa."

"Wamempeleka wapi?"

"Wako naye kambini. Wamesema kesho asubuhi wanamuhamisha."

"Wanamuhamisha kwenda wapi?"

"Hawakusema kwenda wapi." Akalikunja koti, akalikunjua. "Alisahau koti. We unajua kama huko kuna baridi?"

Nani Bujumbura hakujua maana ya kuhamishwa bila kutajiwa mahali? Watu walihamishwa hivyo na hakuna aliyerudi kusema huko kuna baridi au joto. Hadija alikuwa amekwisha kufa. Bukuru alikuwa amebakiwa na siku moja. Na alikuwa mtu wa Kamenge, mtaa ambao wanajeshi waliuhesabu ni wa waasi, maneno yake yalikuwa mepesi kwao kama karatasi. Nilijua hayo yote, nikaingia ndani kufanya kazi yangu.

Walikuwa wamemlaza kwenye bafu la nyuma, juu ya ubao, shuka jeupe juu yake. Chumba kina mlango mmoja na dirisha dogo la nondo. Mwajuma alikwenda jikoni kuchemsha maji na majani. Nikafunga komeo, maana mwanamke akioshwa mlango haubaki wazi. Ndoo ya maji ya kwanza ilikuwepo. Nikasema bismillahi, nikachota kwa kata, nikainua mkono.

"Usimwage maji bado, mama."

Sauti ilikuwa nyuma yangu, karibu na ukuta. Nikageuka. Amesimama mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa koti jeupe la hospitali, miwani ina kioo kimoja kilichopasuka, begi begani. Mkono mmoja wa koti ulikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kiwiko. Mguu wa kulia una kiatu cheusi. Wa kushoto hauna kitu.

Nilishtuka, lakini sikuogopa. Mnaelewa? Nilidhani Yusufu amemwita, na kwamba aliingia kabla sijafunga. Mtu akili yake hutafuta njia ya kawaida kwanza.

"We ni nani?"

"Dokteri Goreti. Mi ndiye naangaliaka wafu. Mutu akikufa vibaya, watu wa parike, wale wa mashitaka, wananiita."

"Dada, hapa ni mahali pa kuosha."

"We unaosha, mi naangalia. Kwanza naangalia, halafu unaosha. Ukianza we, mi sibaki na kitu." Akatazama kata mkononi mwangu. "Weka chini."

Nikaiweka. Hata sasa sijui kwa nini nilimtii haraka hivyo. Hakupaza sauti. Aliongea kama mtu aliyechoka na safari.

"Mi sitamugusa," akasema. "Nitakuambia, mikono itakuwa yako. Gusa taya."

Taya lilikuwa gumu.

"Sasa kiwiko. Sasa goti. Sasa vidole vya mguu."

Vidole vya mguu vilikuwa kama kuni. Maiti wagumu nimewashika wengi, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini mmoja ni mgumu na mwingine bado. Akaniambia ugumu unaanza juu, kwenye uso, unateremka polepole. Ukifika mpaka kwenye vidole vya mguu ukakaza namna ile, masaa mengi yamepita.

"Wamekuambia alikufa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na sasa?"

"Saa tatu."

Akatikisa kichwa. "Apana, mama. Huyu alikufa jana, jua bado liko juu. Mugeuze kidogo."

Nikamgeuza Hadija ubavu, shuka likimfunika mbele. Subhanallah. Mgongo mzima ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na katikati ya weusi ule mistari myeupe imepishana, huku na huku, vizuri kabisa, kama mtu ameichora.

"Mutu akikufa damu inatafuta chini," akasema. "Inateremka kama maji. Lakini pale anapolalia, ngozi inabanwa, damu haipiti, panabaki peupe. Ikikaa masaa mengi haihami tena, hata umugeuze. Walisema alilala namna gani?"

"Kifudifudi. Kwenye mchanga."

"Mchanga unasukwaka?"

Nikatazama tena mistari ile. Ilikuwa mkeka. Nimesuka mikeka tangu utotoni, ningewezaje kutoujua mkeka? Hadija alilala chali juu ya mkeka, usiku kucha, na mtu alijua analala pale.

Akaniambia nifunue jeraha. Lilikuwa chini ya ziwa la kushoto, tundu dogo. Kuzunguka tundu, weusi kama masizi ya sufuria, na nukta nukta ndani ya ngozi. Nikanyoosha kitambaa nipanguse.

"Usipanguse!" Hapo ndipo alipopaza sauti mara moja tu, na sauti yake haikugonga ukuta. Chumba kile kila neno lilirudi, hata kukohoa kwangu kulirudi. La kwake halikurudi. "Ule ni moshi wa bunduki, mama. Risasi ya kilimani inakuja peke yake, moshi wake inauacha kulekule. Moshi hausafiri. Hata kufika kwenye ndoo yako hauwezi. Aliyemupiga alikuwa karibu, angeweza kumushika mkono."

Kisha kucha. Sisi tunasafisha kucha za maiti kwa kijiti, tunatupa uchafu. Akaniambia nisitupe. Chini ya kucha mbili za mkono wa kulia nikatoa nyuzi za ukindu, nyembamba, zimetiwa rangi ya zambarau. Hadija alikuwa ameukwaruza mkeka. Akaniambia niziweke kwenye pamba. Nikaziweka, nikafunga pamba kwenye pindo la khanga yangu.

Nikamwambia, "Dokteri, mi niliapishwa. Ninachokiona kwa maiti nafunika. Ni aibu yake."

Akanitazama kwa lile jicho lililo nyuma ya kioo kizima.

"Aibu yake ufunike. Hii si aibu yake, mama. Ni ya mwingine."

Nimelala na maneno hayo miaka mingi.

"Basi andika," nikamwambia. "We ndiye mwenye kalamu."

Akatoa kaye, daftari lake, kwenye begi, akafungua, akaandika. Nikaona kalamu inakwenda, inarudi, na karatasi inabaki nyeupe. Akakandamiza. Nyeupe. Akaifunga kaye taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Haiandikaka tena," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Wanasema we hujasahau mutu hata mumoja. Basi nishikie haya."

Akanifanya niyaseme mara tatu, kama mwalimu wa chuo. Kwanza mahali. Halafu mtu. Halafu nguo. Halafu ngozi. Taya, vidole vya mguu, mgongo, mkeka, moshi, ukindu. Nilipokosea alinirudisha mwanzo.

"Sasa usimwage mpaka opeji Novati aje. Yeye anachunguza vifo pale parike. Akiona moshi ule kwa macho yake, hakuna atakayemubishia. Ukimwaga, umebaki na maneno."

Mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Mama! Bado tu?" Yusufu. "Watu wanangoja! Barabara ya makaburini wanaifunga saa sita, we hujui?"

Nikageuka kutazama mlango. Komeo lilikuwa mahali pake, nilivyolifunga. Nikageuka tena ukutani. Hakuna mtu. Sakafu ya bafu, niliyoikuta imesuuzwa, ilikuwa imelowa yote, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu, zinakwenda, zinarudi. Pale aliposimama palikuwa laini kama hapajakanyagwa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilihisi baridi inapanda kutoka kwenye miguu kama ule ugumu, ila wangu ulikuwa unapanda.

Mwajuma akaita, nikamfungulia, akaingia na maji ya moto. "Unaongea na nani humu?" akauliza. "Yusufu huko nje ananiuliza, na mi sina la kumwambia."

"Amesikia nini?"

"Amesikia unasema mkeka."

Sasa niambieni, mngefanya nini? Nje ya mlango amesimama mtu niliyejua sasa kuwa ana bunduki, kivuli chake nakiona chini ya mlango, hakiondoki. Ndani kuna kitu kilichopita mlango uliofungwa. Mzee Bukuru yuko kambini na hajui hata kama nipo. Nilisema moyoni, nitamwaga kidogo tu, miguuni, asikie maji. Nikamwaga miguuni. Yusufu akasema, "Haya, vizuri." Kivuli hakikuondoka. Nikamwaga mkononi. Halafu Mwajuma, ambaye hakujua kitu, akamwaga kifuani.

Sikumzuia. Muwe mashahidi wangu, naandika hili kwa mkono wangu: ningeweza kumshika mkono, sikumshika. Masizi yale yakalegea, yakateremka ubavuni kama wino, yakaingia kwenye tundu la maji machafu. Niliyaangalia mpaka yakaisha. Nikamaliza kumuosha Hadija vizuri, nikamsuka nywele mafungu matatu, nikamvisha sanda. Alipendeza. Hakuna aliyeweza kusoma kitu tena.

Nilipotoka Yusufu aliniangalia kichwani mpaka miguuni, macho yakasimama kwenye pindo la khanga.

"Umefunga nini hapo, mama?"

"Karafuu. Jino linanisumbua."

Akacheka. Mke wake yuko kwenye sanda, anacheka. "Wamama wa Buyenzi! Hata kwenye msiba munanukia pilau." Na wanaume wawili pale wakacheka naye, kwa sababu alikuwa mfiwa, na mfiwa akicheka watu humsaidia.

Wanaume wakambeba Hadija. Wanawake hatwendi makaburini, na hiyo ndiyo nafasi niliyoipata. Mwajuma nikamwambia arudi nyumbani na shoferi. Mi nikapita nje kwa Yozefina. Bado amekaa juu ya jiwe. Alinitazama, na mi nikapita nikitazama chini. Nikateremka kwa miguu mpaka Rohero, kwenye ofisi za parike, na njia nzima nilikuwa nasema kama mwendawazimu: taya, vidole vya mguu, mgongo, mkeka, moshi, ukindu. Wanajeshi wa kizuizi waliniuliza nasema nini. Nikawaambia naomba dua. Kumbe sikudanganya.

Opeji Novati alikuwa mtu mwembamba, ameketi kwenye meza iliyojaa makaratasi, anatafuna karanga. Nilipomwambia nimetoka kuosha maiti akanionyesha benchi bila kuinua macho.

"Mama, kila siku watu wanakufa. Karatasi zenyewe zimeniishia. Huyo ni risasi au grenedi?"

Nikamwambia, "Usiniulize hivyo. Kwanza mahali. Halafu mtu. Halafu nguo. Halafu ngozi."

Mdomo wake ukasimama na karanga ndani.

Nikayasema yote, kwa mpango ule ule. Nilipofika kwenye mchanga usiosukwa nikaona midomo yake inatembea, anasema pamoja na mi. Nikafungua pindo, nikaweka pamba mezani, ukindu wa zambarau ukaonekana. Hakuugusa.

"Nani alikufundisha maneno haya?"

"Dokteri Goreti."

"Lini?"

"Leo. Saa tatu."

Akainuka akafunga mlango. Akabaki amesimama, mgongo ameupa mlango.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti jeupe, vumbi jekundu kwenye mkono. Miwani imepasuka. Kiatu kimoja."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

Alirudi kwenye kiti akikishika kwanza kwa mkono, kama kipofu. Akaniambia Dokteri Goreti aliuawa siku kumi zilizopita, kwenye barabara ya juu, akirudi kutoka kuangalia maiti. Waliomkuta walimpakia kwenye kamioneti, wakamleta, manesi wakamuosha, akazikwa jioni ile ile kwa sababu ya hali ya vita. "Kile kiatu kimoja," akasema, "nilikivua mi mwenyewe. Wa kulia."

Nikamuuliza, "Na yeye, nani alimuangalia?"

Opeji akazisogeza karanga kando.

"Yeye ndiye alikuwa anaangaliaka, mama," akasema. "Hatukuwa na mwingine."

Hakuniuliza tena kama ninasema kweli. Alichukua polisi wawili, tukaenda na gari. Pale getini alichuchumaa kabla hajamsalimu mtu. Akasugua mchanga kwa kidole, akachimba kidogo. Mkavu, msafi, hakuna tone la damu. Kisha akaingia stoo. Nyuma ya magurudumu ya gari walikuta mkeka wa zambarau umekunjwa, umefungwa kamba. Walipoukunjua, katikati ulikuwa bado na unyevunyevu wa damu, na ukingoni umekwaruzwa, nyuzi zimetoka. Ukindu wangu ulikaa mahali pake kama jino. Jirani mmoja, mbele ya damu ile, ndipo akapata mdomo wa kusema kwamba Hadija alikuwa amefunga nguo zake, anarudi kwa mama yake Buyenzi na mtoto.

Yusufu alirudi kutoka makaburini, akaliona gari la polisi kutoka mbali, akageuza la kwake. Jioni tukasikia amevuka mpaka, yuko Uvira, Kongo.

Na Bukuru? Opeji Novati aliandika karatasi usiku ule, akaipeleka kambini mwenyewe, akakaa nayo pale mpaka wakaipokea. Ilieleza kwamba mke wa Yusufu alikufa mchana, kabla ya zamu kufika kazini, na kwamba alfajiri hakuna aliyeingia getini. Asubuhi Bukuru akatoka kwa miguu yake, vidole viwili vimevunjwa, lakini anatembea. Yozefina alimvisha koti pale pale barabarani, jua linawaka, akalifunga vifungo vyote. Aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwenye kitanda chake, mke wake anamshikia kikombe. Yozefina alikuja kwangu kupiga magoti. Nilimwinua haraka, niliona haya. Nilikuwa naikumbuka kata.

Maana sikilizeni iliyobaki. Ndugu za Yusufu walileta wakili. Akasema mkeka ule ulichinjiwa kuku, ukindu umetoka kwenye khanga ya mama mmoja wa Buyenzi. Wakamuuliza opeji, huo moshi wa bunduki nani aliuona? Mama huyo huyo. Na sasa uko wapi? Aliumwaga. Kesi ikafa hapo. Vita vilipoisha Yusufu akarudi. Ana duka. Nikipita karibu, kama ameketi mlangoni, ananisalimia kwa heshima zote.

"Karafuu zako bado zipo, mama?"

Na mi najibu, "Zipo." Halafu navuka upande wa pili wa barabara.

Lakini si yeye anayeninyima usingizi. Tangu siku ile, kila nikichota kata ya kwanza juu ya maiti, inakuwa nzito. Nzito kama kuna mtu ameshika upande wa pili. Mwajuma alijaribu kuninyang'anya siku moja, akidhani ni uzee, akaiachia kwa kelele, akatoka nje bila viatu. Nikiiweka chini, nikaangalia kwanza, nikasema kwa sauti taya, vidole, mgongo, ngozi, inakuwa nyepesi, naosha. Mara mbili haikuwa nyepesi. Mara hizo mbili nilifunika maiti, nikafungua mlango, nikawaambia wafiwa sitaosha mpaka aitwe mtu wa kuangalia. Walinitukana. Mmoja aliniita mchawi. Nilikaa mlangoni na kata yangu mapajani mpaka akaitwa.

Na dokteri mwenyewe alirudi mara moja tena, mwisho wa vita, asubuhi, chumba kingine. Hakuongea habari za maiti aliyekuwepo. Alisimama pale ukutani na kiatu chake kimoja, kaye amefungua, nyeupe.

"Na mi, mama?" akaniuliza. "Mi nani aliniangalia?"

Wote ninaowajua nina majina yao na mwisho wao. Zainabu binti Kibwana, grenedi ya sokoni. Mariamu wa Bi Tausi, uzazi. Hadija binti Selemani, mume wake. Goreti nina jina, nina miwani, nina kiatu. Kilichomuua, aliyemuua, alikuwa karibu au mbali, alilala chali au kifudifudi, yote yalikwenda na maji ya watu waliomhurumia. Nilimwambia, "Jina lako ninalo." Akaangalia chini, kwenye ule mguu mtupu, na nilipopepesa macho hakuwepo.

Kwa hiyo nyinyi mnaosoma haya, nawaomba. Mtu akifa ghafla nyumbani, msifute sakafu. Msimbadilishe nguo, msimhamishe kwa sababu mnaona haya namna alivyolala. Mfunikeni shuka, fungeni mlango, iteni mwenye macho ya kazi hiyo, na kaburi lingoje kidogo. Mungu anajua mlingoja kwa nini. Na ikitokea umeshainua kata, ukasikia sauti nyuma yako inakuomba usimwage bado, iweke chini. Usiulize ameingiaje.

Nami nikifa, Mwajuma nimeshamwambia. Aniangalie kwanza.